Fidla ya umbo la Maggini: sauti nene inayowafaa wapigaji wa taarab

Nimeshaipiga mazoezini na harusini, kwa hiyo naisemea kwa yakini. Ni fidla ya zamani ya Kijerumani, imechongwa kwa kufuata umbo la Giovanni Paolo Maggini, fundi wa fidla wa Italia. Ndani ina kikaratasi chenye jina lake na la mji wa Brescia. Kikaratasi hicho kisikupandishie bei hata shilingi, maana mafundi wa Markneukirchen kule Ujerumani na wa Mirecourt kule Ufaransa walikibandika kwenye nakala chungu nzima.

Maggini mwenyewe alizaliwa Botticino, jirani na Brescia, mwaka 1580, akajifunza kazi kwa Gasparo da Salò. Stradivari, yule fundi mashuhuri wa mji wa Cremona, hajazaliwa bado; alikuja zaidi ya miaka 60 baadaye. Fidla za Italia zikitajwa, wote hukimbilia Cremona, na huyu mzee anasahaulika. Inaniuma, kwa sababu alichokitafuta yeye ndicho sisi watu wa taarab tunachokihitaji.

Kiwiliwili cha fidla ya kawaida kina urefu wa milimita 355 hivi. Hii yangu inafika 365. Mbao zake hazikutuna sana, ubavu ni mfupi, na tundu za sauti ni ndefu. Ukiuvuta uzi wa sol, ule wa chini kabisa, unapata sauti nene, nyeusi, inayokaribia viola, ndugu mkubwa wa fidla. Mimi nafunga sol-re-sol-re, na nyuzi mbili za juu zikishalegezwa hivyo, fidla niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa inapwaya. Hii inajibu. Kwenye taksimu, ule upigaji wa peke yako wa kubuni papo hapo, nashika noti moja ya chini, naiachia itembee polepole, na kanuni (ala ya nyuzi nyingi ya kudonoa) na akordioni zikiingia bado nasikika. Kwa hilo peke yake singeiuza.

Juu kabisa haing'ari sana. Mpenda sauti kali, nyembamba, atafute nyingine, ingawa Mbelgiji Charles de Bériot alipiga Maggini halisi mbele ya hadhira za Ulaya katika karne ya 19, na yeye ndiye aliyewafanya watu wazigombanie.

Unaponunua, kagua mistari miwili ya nakshi inayozunguka ukingo, alama mashuhuri ya Maggini. Iwe ni vipande vyembamba vya mbao vilivyopachikwa ndani ya mfereji, kwani kazi yake ni kuzuia ufa usitambae kutoka ukingoni. Nakala za bei ya chini zimechorwa kwa wino tu. Pitisha kidole na tochi utaona.

Mwenye vidole vifupi ajaribu kwanza angalau saa nzima, maana nafasi za noti ziko mbali kidogo na mkono wa kushoto unachoka. Na uende na boksi lako dukani. Boksi la kawaida lilikataa kufunga, nikalazimika kununua jingine.