Gereji ya bodi ya Ng'ambo, Tabora: mikono ya alumini, pua za kitambaa

Mwishoni mwa Juni nilipeleka Land Rover 109 ya marehemu baba, ile ya Series III, katika gereji moja ya bodi iliyopo upande wa Ng'ambo mjini Tabora. Gereji mbili nyingine zilikuwa zimekwisha kuniambia kwamba kazi ni ya siku nne: kujaza mabonde kwa puti (kijazio laini kinachokauka kikawa kigumu), kupiga msasa na kupuliza kijani. Fundi mkuu wa hapa alilizunguka gari mara mbili, akachokonoa ukingo wa chini wa mlango kwa bisibisi, kisha akasema kwamba kazi ni ya wiki tano. Zilikuwa saba. Nililipa shilingi 2,600,000 pamoja na vifaa, na fedha hiyo siijutii, ingawa yapo mambo mawili ambayo sitayafunika.

Nilikuwa nimekwenda na sumaku mfukoni, kwa kuwa kwenye magari ya bati la chuma sumaku isiyonata huonyesha mahali palipozikwa puti nene. Fundi alicheka kwa adabu: "Mwalimu, hiyo hapa haina kazi." Paneli za gari hili ni za aloi ya alumini, desturi iliyoanza na Land Rover za kwanza mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa cha mgawo nchini Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana tuliokulia nayo husema kwamba bodi yake haiozi. Lakini chasisi, ukuta unaotenga injini na abiria, na fremu za milango ni za chuma, na metali hizi mbili zikigusana huku tope lenye unyevu likikaa katikati yake, alumini ndiyo inayoliwa, ikageuka unga mweupe chini ya rangi. Milango yangu miwili ilikuwa imejaa unga huo. Gereji ilibandua ngozi ya alumini kutoka kwenye fremu, ikakata sehemu iliyoliwa, ikapaka fremu praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, na kuweka silanti, gundi ya kuziba, katikati kabla ya kurudisha riveti, ili metali hizo zisikutane tena.

Kilichonivutia zaidi ni namna walivyonyoosha madigadi la kushoto, lililobonyezwa na mti miaka mingi iliyopita. Alumini iliyokwisha kugongwa huwa ngumu, na ukiipiga nyundo ikiwa baridi hupasuka. Ukiipasha moto nako kuna hatari, kwa sababu haibadiliki rangi kama chuma, bali huyeyuka ghafla. Fundi alisugua sabuni ya mche juu ya bonde, akapitisha moto wa gesi taratibu mpaka sabuni ikawa nyeusi, akauondoa moto papo hapo na kuacha bati lipoe. Baada ya hapo lilikubali nyundo ya mbao kama ngozi. Puti iliyohitajika haikuzidi unene wa milimita 2. Msasa wa alumini nao uliwekwa mbali na ule wa chuma, kwani chembe za chuma zikibaki ndani ya alumini huanzisha ulaji upya. Kijana aliyechanganya karatasi hizo aliamriwa kuanza mlango mzima upya, nami nikiwa nimesimama pale.

Rangi ilichanganywa kwa jicho. Mfano wake ulichukuliwa chini ya kiti, mahali jua lisipofika, ukapulizwa kwenye kipande cha bati, ukaachwa ukauke na kuangaliwa kivulini na juani kabla ya kukubaliwa. Gereji haina chumba cha rangi. Kwa vumbi la kiangazi cha Tabora hilo ni pungufu kubwa, na wao hulipunguza kwa kumwaga maji chini na kupuliza alfajiri kabla upepo haujaamka. Nyuki mmoja alinasa kwenye boneti hata hivyo, jambo la kutarajiwa katika mkoa wa asali, na alama yake iliondolewa kwa msasa wa maji namba 2000 na polishi.

Sasa malalamiko. Mlango wa kulia ulipewa praima ya kawaida badala ya ile ya asidi inayoshika alumini, kwa sababu iliyokuwapo iliisha na kijana hakutaka kusubiri nyingine. Mvua zilipokolea mwezi wa Januari rangi ilianza kuchubuka kama ganda la kitunguu. Niliporudi walitazama, wakakiri, wakarudia mlango wote bila kunidai senti. La pili ni zito zaidi: wanapuliza rangi yenye hadina, kemikali ya kuifanya rangi iwe ngumu, wakiwa wamejifunga kitambaa puani. Hadina hiyo ina aisosayaneti, ambayo huweza kumwachia mtu pumu ya kudumu na ambayo kitambaa hakiizuii hata kidogo. Kinachofaa ni kinyago kinachopokea hewa safi kwa bomba. Nilimweleza fundi mkuu, akasema wamezoea. Jibu hilo halikuniridhisha.

Mwenye gari la alumini na aende hapo, ila aulize praima kabla ya kutoa malipo ya kwanza, na aombe kuliona kopo lake kwa macho. Gari lake na lifike kabla ya Agosti, kwani mwezi huo magari ya watu wa tumbaku huujaza uwanja hadi barabarani.