Uhakiki: Kitabu cha Michoro ya Mzaha na Siri Zake

Kitabu hiki, ambacho mchoraji amekichapisha mwenyewe, kina mpangilio mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: ukurasa wa kulia una mchoro, na wa kushoto una maelezo mafupi ya jinsi wazo lilivyomjia. Nilikipitia mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kila kitu kwa mfuatano wake; mara ya pili niliyafunika maelezo kwa kipande cha karatasi, nikayafunua baada tu ya kuutazama mchoro hadi nikashiba. Mara hiyo ya pili ndipo nilipocheka.

Michoro mingi imefanywa kwa wino mweusi na rangi moja tu ya ziada. Chanuo limeketi katika kiti cha daktari wa meno, limekataa katakata kufumbua mdomo. Chupa imevaa skafu kwa sababu shingo inauma. Msomaji wa Kiswahili atatambua upesi kwamba mzaha wa namna hii tunao vinywani siku zote, kwa kuwa sisi wenyewe ndio tuliolipa chanuo meno, chupa shingo na meza miguu. Alichofanya mchoraji ni kuyachukua maneno hayo kama yalivyo na kuuliza yangezaa tabia gani.

Maelezo yaliyonivutia kuliko yote yanahusu mwavuli. Mchoraji ameweka kando ya maelezo hayo rasimu ndogo za penseli alizozikataa, na katika rasimu ya kwanza mwavuli umefunguliwa ukaonekana kama mbawa za popo. Ufanano upo, lakini hauchekeshi, kwa sababu jicho linaumaliza papo hapo. Katika mchoro wa mwisho mwavuli umekunjwa, unaning'inia kichwa chini katika safu ya popo waliolala, wa tatu kutoka kushoto, na mtazamaji hupita juu yake kabla ya kurudi kwa mshangao. Kucheleweshwa huko ndiko kunakoleta kicheko, na sijaona somo hilo likielezwa kwa uwazi zaidi ya rasimu zile nne. Nilikumbuka ile picha maarufu ya bata anayeweza pia kuwa sungura, iliyotoka katika jarida la vichekesho la Ujerumani, Fliegende Blätter, mwaka 1892, na ambayo mwanasaikolojia Joseph Jastrow aliitumia miaka 7 baadaye kuonyesha kwamba kuona ni kazi ya akili pia, si ya macho peke yake. Mstari haubadiliki hata kidogo. Mdomo hugeuka masikio ndani ya kichwa cha anayetazama.

Kwa bahati mbaya, si kila ukurasa una rasimu. Panapokosekana rasimu, mchoraji huishia kuueleza mzaha wenyewe, na mzaha ulioelezwa ni chai iliyopoa. Mchoro wa kufuli lililovimba mashavu kwa siri za watu haukuhitaji sentensi hata moja, nao umepewa aya mbili. Kosa hili linazidishwa na mpangilio, kwani tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo jibu hutangulia fumbo. Maelezo yangewekwa nyuma ya mchoro, ili msomaji afunue ukurasa kuyafikia, kitabu kizima kingebadilika.

Karatasi ni nzito na wino hauonekani upande wa pili. Kurasa, hata hivyo, zimeunganishwa kwa gundi badala ya kushonwa, na katika mchoro mmoja uliotandazwa juu ya kurasa mbili, treni ya masanduku ya viberiti imemezwa mabehewa mawili na mkunjo wa katikati.

Anayejifunza kuchora namshauri akinunue kwa ajili ya zile rasimu zilizokataliwa. Anayetaka kucheka tu naye akinunue, ila awe na kipande cha karatasi cha kufunikia kurasa za kushoto.