Umeagiza gari la umeme, itashuka na betri gani? Nimezipanga kuanzia ya kuchukua mpaka ya kuikimbia

Shemeji yangu aliagiza Nissan Leaf ya 2016 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, tangazo limeandikwa kabisa betri ni ya kilowati saa 30, picha zinameta, bei chee. Akalipa. Gari ikapanda meli, ikashuka bandarini Dar, tukaenda kuipokea kama tunaenda kumpokea bi harusi. Kufika nyumbani tukaichaji mpaka ikajaa, ile namba ya kilomita kwenye dashibodi hata Kibaha na kurudi unajiuliza mara mbili, kuchomeka kifaa cha kusomea betri tukakuta ni ya 24 na tena imechoka. Kumbe chasisi ya AZE0 Nissan waliitumia kwa zote mbili, ya 24 na ya 30, kwa hiyo hata angeangalia msimbo wa chasisi usingemsaidia. Muuzaji anajibu eti wao waliandika tu kama mnada ulivyoandika. Sasa hapo utamfuata nani, upande ndege?

Toka siku hiyo kila anayetaka kuagiza gari la umeme kwetu ananipigia mimi, na swali ni lile lile, hii gari itakuja na betri gani. Maana jina la gari halikwambii. Gari moja, mwaka mmoja, rangi moja, betri mbili tofauti. Kwa hiyo nimeona niandike mara moja watu wasome. Nimepanga nikimfikiria mtu wa Dar, Tanga au Mombasa, yaani sehemu ya joto, anachajia nyumbani usiku, na anataka usukani wa kulia kwa hiyo anaagiza Japan au Uingereza au ananunua mpya kwa dila. Kama uko Njombe mpangilio wako unaweza kubadilika kidogo, nitasema kwa nini.

Kwanza elewa kitu kimoja maana ndio kila kitu. Betri za hizi gari ziko koo mbili. Kuna LFP, hiyo ni ya chuma na fosfeti, haina nikeli haina kobalti. Halafu kuna za nikeli, NMC na NCA, ambazo ndizo zinazokula ile kobalti ya Kolwezi kule Kongo. Ya nikeli ni nyepesi, inabeba umeme mwingi kwenye nafasi ndogo. LFP ni nzito zaidi kwa umeme ule ule, ila inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi, na haishiki moto kirahisi.

Tofauti inayokugusa wewe kila siku ni namna ya kuchaji. Fikiria mtungi wa gesi. Moto unawaka vile vile leo, kesho, keshokutwa, halafu siku unasonga ugali unazima puu, hukupewa hata dalili. LFP iko hivyo, volteji yake haishuki kwa kuonekana, kompyuta ya gari inashindwa kujua kimebaki kiasi gani mpaka uijaze mpaka juu ndio inajipima upya. Ndio maana Tesla kwenye kitabu chao wanasema LFP ijaze 100% angalau mara moja kwa wiki. Ya nikeli ni kama jiko la mafuta ya taa, utambi unafifia taratibu unaona mwenyewe, lakini haitaki kukaa imejaa, hiyo unaiachia kama 80% kwa matumizi ya kila siku, na ukiiacha imejaa 100% juani Kariakoo kutwa nzima unaizeesha kwa mikono yako. Sasa mtu asiyejua ana betri gani anachaji vipi? Anachaji vibaya, basi.

Haya, tuanze.

Namba moja kwangu ni BYD ya Wachina, Atto 3 au Dolphin. Sababu sio kwamba ndio gari tamu kuliko zote, ndani ile Atto 3 ina mapambo kama ya jimu na mtu mzima unaweza kuona aibu kidogo. Sababu ni kwamba hapa hakuna bahati nasibu. Zote zina LFP ya BYD wenyewe, ile ya Blade waliyoitoa 2020, na kwenye Atto 3 inapozwa na gesi ya AC moja kwa moja, kwa joto letu hilo ni jambo kubwa sana. Cha kuuliza ni ukubwa tu, kwa kilowati saa. Atto 3 kuna ya 49.92 na ya 60.48, Dolphin kuna ya 44.9 na ya 60.48. Atto 3 kubwa kwa kipimo cha Ulaya inasomeka kilomita 420, wewe toa kidogo kwa AC na foleni ya Ubungo. Angalizo, ukiona bei imeshuka ghafla uliza kama ni Yuan Plus ya China yenyewe, maana ni gari hiyo hiyo lakini usukani kushoto na tundu la chaji ni la Kichina la GB/T, utazunguka mji mzima unatafuta adapta.

Namba mbili, MG4 ya kutoka Uingereza, lakini ile ya 51 tu. Hapa ndipo watu wanapoingia chaka. MG4 ya 51 ni LFP. MG4 ya 64 ni nikeli. Kwa nje, kwa toleo la SE, ukiambiwa utofautishe picha mbili huwezi. Waingereza waliuza SE ya kawaida ikiwa na 51, halafu SE Long Range na Trophy zikiwa na 64, sasa muuzaji anaandika MG4 SE ya 2023 basi, hayo maneno Long Range kayatia au kayaacha hujui, na wengine hawajui hata wao. Mtu anafikiri kapata zali kupewa ya 64 kwa bei ya 51, na kweli ana kilomita nyingi, 450 kwa 350 kwa kipimo cha Ulaya, lakini anaenda kuichaji kama LFP, kila siku 100%, inalala juani imejaa, miaka mitano baadaye anashangaa. Sisemi ya 64 ni mbaya, ina kupoza kwa maji vizuri tu, kama safari zako ni Moro na Dodoma kila wiki chukua hiyo. Nasema ujue ni ipi.

Namba tatu Tesla Model 3, ile ndogo, yaani ya betri ndogo na mota moja, pia ya Uingereza. Hii ndio baba wa hili swali lote. Model 3 ndogo za 2019 na 2020 za Uingereza zilitoka Fremont Marekani na betri ya Panasonic, nikeli. Kuanzia 2021 zikaanza kushuka za Shanghai na LFP ya CATL, kampuni ya betri ya China. Mwaka huo huo 2021 Tesla Marekani walikuwa na watu kwenye foleni wanasubiri Model 3 ndogo, wakawaambia ukikubali ya LFP unapata mapema, na Oktoba wakatangaza ndogo zote dunia nzima zinahamia LFP. Kwa hiyo gari ya 2021 ni ya kuangalia mara tatu. Uzuri Tesla ndio rahisi kuliko zote kuhakiki, na hata kabla hujalipa. Namba ya chasisi ikianza na 5YJ ni Fremont, LRW ni Shanghai. Halafu hesabu herufi na tarakimu zote mpaka nafasi ya saba, ikiwa F ni LFP, ikiwa E ni nikeli. Na kwenye skrini ya gari, sehemu ya programu, kuna taarifa za ziada za gari, imeandikwa aina ya betri kwa herufi. Mwambie muuzaji apige picha hapo, dakika mbili. Ya LFP ya 60 kwa kipimo cha Ulaya ni kilomita 491, inatosha na chenji inabaki. Imeshuka mpaka namba tatu kwa sababu moja tu, huku hakuna karakana ya Tesla, na gari ile ikiamua kujifunga kwa programu fundi wako wa gereji ya Magomeni atakutazama tu.

Ukisoma watu wa Ujerumani na Norwei wanavyoilalamikia LFP usitishike. Wanasema kwenye baridi inachaji polepole, namba za kilomita zinaruka, na ni kweli kabisa, baridi kali inaisumbua LFP kuliko nikeli. Sasa Mbezi baridi tunaisikia kwa watu wa Makete. Ndio maana nilisema mtu wa Njombe ajifikirie, ingawa hata kule sio Norwei.

Namba nne naweka za nikeli zenye kupozwa kwa maji, mfano Hyundai Kona ya 64. Hapa kuna jambo tamu kidogo. Mapema 2021 Hyundai waliziita zirudi gari kama 82,000 dunia nzima, nyingi ni Kona, kwa sababu ya hatari ya moto kwenye seli za LG, wakawa wanabadilisha betri nzima. Maana yake kuna Kona ya 2019 inatembea na betri changa kuliko gari lenyewe, na kuna nyingine haijaguswa. Omba karatasi ya ule ukarabati. Ikiwepo, hiyo ni mali. Isipokuwepo, mi siitaki kwenye banda langu.

Namba tano ndio Leaf, ile ya kuanzia mwisho wa 2017, chasisi ZE1. Najua wengi ndiyo mnayoiweza kwa mfuko, na mimi siidharau, mtu wa Kimara kwenda Posta na kurudi kila siku inampeleka bila wasiwasi. Lakini Nissan hawakuiwekea mfumo wa kupoza betri, inajipoza na upepo tu, na joto ndilo adui wake tangu zamani, watu wa Phoenix Arizona walianza kulia 2012 kule, gari mpya kabisa betri inashuka. Phoenix ni moto wa jangwa sawa, ila Dar mwezi wa pili na sisi tupo.

Na mchezo wa chasisi uko hapa pia, ZE1 ni ya 40 na ni ya 62 vile vile. Cha kukuokoa ni nguvu ya mota. Ya 40 ina farasi 150, ya 62, ile wanayoiita e+, ina farasi 218, na karatasi za Japan zinaandika hiyo namba. Bango la e+ linaweza kubandikwa na mtu yeyote mwenye gundi, farasi ni ngumu zaidi kubandika. Halafu usidanganywe na kilomita 400 za ile ya 40, hicho ni kipimo cha zamani cha Kijapani, kwa kipimo chao kipya wenyewe waliandika 322, na huku na AC utapata pungufu ya hapo.

Vile vijiti vya pembeni kwenye dashibodi viko 12, Wajapani wanaviita segu. Cha kwanza kinaanguka betri ikipoteza kama 15%, vinavyofuata kila kimoja kama 6%. Kwa hiyo segu 12 haimaanishi betri mpya, inaweza kuwa imebaki 86%, na segu 9 ni kama 70%, yaani ile 40 yako imekuwa 28. Tena kuna wajanja wanafuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijiti vinarudi 12, vinashuka tena gari iko kwako tayari. Ndio maana mimi segu peke yake siiamini, nataka skrinishoti ya LeafSpy, ile programu ya simu ya kusomea betri ya Leaf, yenye SOH, yaani asilimia ya uzima wa betri, na kilomita za gari zikionekana. Na kumbuka ya Japan inachaji haraka kwa tundu la Kijapani la CHAdeMO tu, na redio yake inaongea Kijapani.

Za mwisho Leaf za 24 na 30. Kenya haziingii tena, maana sheria ya huko hairuhusu kuagiza gari iliyozidi miaka 8. Bongo zinaingia lakini unalipa ushuru wa uchakavu juu yake, bei chee inaishia hapo. Shemeji anaitumia kupeleka watoto shule, Sinza hadi Mwenge, inatosha. Usiagize.

Sasa kabla hujatuma hela. Omba namba nzima ya chasisi, sio mwaka na modeli. Omba picha ya dashibodi gari ikiwa 100%. Halafu kikubwa, ile profoma invoisi iandikwe ukubwa wa betri, aina yake, na kiwango cha uzima, na chini yake kwamba ikishuka tofauti hela inarudi au bei inapungua. Watu wanaona aibu kuomba hivyo, kwani unamuomba mkopo? Na hata kwa gari mpya ya dila fanya hivyo hivyo, kiwanda kinaweza kubadilisha betri katikati ya mwaka na broshua ikabaki ile ile ya zamani.

Mwezi uliopita nilimwandikia muuzaji mmoja maneno hayo hayo kwa ajili ya jirani yangu anayetaka MG4. Akakaa kimya siku mbili. Ya tatu akarudi na gari nyingine kabisa, imepanda bei kidogo, ila hii ina picha ya karatasi ya usajili imeandikwa 51.