Walinioshea kaseti yangu kuukuu, wakaniuzia kama mpya

Mume wangu aliniambia nisiandike chochote mpaka hasira ziishe. Nimesubiri wiki, nimesubiri mwezi na zaidi, haziishi. Basi naandika nikiwa nazo.

Ni duka la baiskeli mjini Arusha. Na kaseti ninayosema si ya muziki, ni yale maduara ya meno yaliyopangwa kwenye gurudumu la nyuma, ambayo mnyororo unalala juu yake. Jina silitaji, na sababu mtaiona mbele. Sisi wenye baiskeli za mbio wa Arusha na Moshi hatuko wengi, na maduka yenye vipuri vyetu ni ya kuhesabu, kwa hiyo wengine mtalijua tu. Mkilijua, someni mpaka mwisho kabla ya kuamua, maana hata mimi mwenyewe sijaamua vizuri.

Mimi ni mwalimu, naishi Moshi, na baiskeli ndiyo inayonirudishia pumzi baada ya wiki nzima ya chaki. Jumamosi alfajiri tunakutana wachache pale kipilefti cha YMCA, tunakwenda Boma Ng'ombe na kurudi, au tunashika njia ya Himo. Yangu ni mtumba, niliinunua kwa hela ya upatu, na naitunza kuliko vitu vingi nilivyonavyo. Kila baada ya muda naupima mnyororo kwa rula ya shule. Hapo ndipo kisa kilipoanzia. Mnyororo wa baiskeli, kutoka pini moja hadi inayofuata, ni nusu inchi. Ukihesabu vipande 24 unatakiwa upate inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umelika, badilisha. Ikizidi kwa moja ya nane, usijidanganye, meno ya nyuma nayo yameshakwenda na maji. Wangu ulikuwa umefika moja ya nane.

Fundi wangu wa Majengo, mtu mwaminifu kuliko wengi ninaowajua, aliinama akatazama, akasema, "Mwalimu, cheni ya aina hii sina, na kaseti ndiyo kabisa. Nenda Arusha." Nikapandisha baiskeli juu ya Coaster, nikavutana na konda juu ya nauli ya mzigo, nikafika.

Sitasema nilipokewa vibaya. Nilipokewa vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ukutani walikuwa na picha kubwa ya Biniam Girmay na jezi yake ya kijani ya Tour de France ya 2024. Mwenye duka akaniona naitazama, akaanza: jinsi Mweritrea yule alivyoshinda hatua 3, yaani mbio za siku 3, mwaka ule, jinsi alivyokuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mbio zile. Nikamjibu kwa Kigali 2025, mashindano ya dunia kuja Afrika kwa mara ya kwanza, na vilima vile vilivyowatoa jasho wazungu. Tukazungumza kama watu waliozaliwa mtaa mmoja. Nikajisemea moyoni, hapa nimefika kwa watu wa baiskeli.

Nikamweleza ninachotaka: kaseti mpya, cheni mpya, na gurudumu la nyuma linyooshwe, maana rimu ilikuwa inayumba tangu niligonge shimo. Akaniandikia risiti ya mkono. Cheni 1. Kaseti 1. Ufundi. Laki mbili na arobaini elfu, nikalipa taslimu pale pale. Kijana wa kazi, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni na ovaroli yenye grisi, akaichukua baiskeli kwa mikono miwili, taratibu, kama anapokea mtoto. Nilirudi kesho yake nikaikuta inang'aa. Gurudumu limenyooka, mnyororo mpya unameta, meno ya nyuma yanameta. Nikashukuru, nikaondoka.

Sasa sikilizeni.

Siku chache baadaye tulikuwa na mbio zetu za ridhaa, Moshi hadi Marangu Mtoni. Mwaka uliotangulia nilimalizika kabla hata ya Himo, kwa sababu nilitaka sifa, nikakaa mbele navuta kundi. Safari hii nilikimbia kwa akili. Kutoka Kiboroloni hadi Uchira nilijificha nyuma ya migongo ya wenzangu, sikuchukua upepo hata mara moja. Nikala ndizi kabla sijasikia njaa. Nikanywa maji kidogo kidogo. Kila nguvu niliyokuwa nayo niliiwekea mlima akiba. Na mnyororo ulikuwa kimya kabisa, kwa sababu njia ile mguu unakanyaga kwa wepesi, hakuna kinachoulazimisha kusema ukweli.

Himo tukakata kushoto, barabara ikaanza kupanda kuingia kwenye migomba. Wenzangu wawili wa mbele wakaongeza mwendo. Nikasema, leo nakwenda nao. Nikasimama juu ya pedeli, nikaweka uzito wote.

Kak!

Mguu wa kulia ulishuka bila kukutana na kitu, kama unavyokosea ngazi gizani. Goti likagonga usukani, baiskeli ikayumba kuelekea katikati ya barabara, na nyuma yangu fuso lilikuwa linapanda. Nilisikia honi ile mpaka kwenye meno. Sijui niliirudisha vipi pembeni. Nikajaribu tena nikiwa nimekaa, kak. Nikabadilisha gia, kak kak. Kila nilipokaza, mnyororo uliruka meno.

Anayeendesha baiskeli muda mrefu anaijua sauti hiyo. Ni sauti ya mnyororo mpya juu ya meno makuukuu. Mnyororo unapozeeka, pini na matundu yake vinalika, nafasi kati ya pini na pini inaongezeka, na meno nayo yanalika kuufuata. Wawili hao wamezeeka pamoja, wanaelewana. Ukileta mnyororo mpya wenye nusu inchi yake kamili, haulali tena kwenye meno yote, mzigo unaangukia jino moja au mawili, na ukikaza unapanda juu ya jino na kuruka. Ndiyo maana nililipia vyote viwili! Ndiyo maana nilisafiri kilomita themanini na baiskeli juu ya basi!

Yakikukuta haya katikati ya mbio, usisimame kwenye pedeli hata kidogo. Kaa, hamia kwenye duara la meno ambalo hukulitumia sana, ubaki hapo hapo. Mimi kwa kuwa mazoezi yangu mengi ni ya tambarare, maduara ya katikati ndiyo yaliyokuwa yamekwisha, lile kubwa kabisa lilikuwa bado zima. Nikakaa nalo mpaka juu, nakanyaga haraka na kusonga polepole, huku watu ninaowapita kila Jumamosi wananipita mmoja mmoja na kuniuliza, "Mwalimu, vipi, unaumwa?" Nilifika Marangu Mtoni karibu wa mwisho. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Nikakaa ukingoni mwa mfereji, nikalaza baiskeli, nikachuma jani la mgomba nikaanza kuyafuta yale meno. Yalikuwa yanameta bado. Lakini nilipoyatazama kwa karibu, yale ya katikati hayakuwa na umbo la jino jipya. Yalikuwa membamba, yamelala upande mmoja, yamechongoka kama pezi la papa. Nikapenyeza ncha ya jani nyuma ya lile duara kubwa, upande unaotazama njiti za gurudumu, ambako kitambaa hakifiki kirahisi. Likatoka na weusi, na nyuma ya weusi nikaona wekundu.

Rangi ya kucha. Miezi mingi nyuma binti yangu aliipaka pale, doa moja tu, akasema anaipamba baiskeli ya mama. Nilimgombeza siku ile. Doa lilikuwa pale pale.

Hawakubadilisha kaseti. Waliiosha.

Nilirudi Arusha wiki iliyofuata na risiti yangu mkononi. Sikwenda kugombana, nawaambia kweli. Nilikwenda nikitumaini ataniambia, samahani, tulichanganya, mafundi walikosea. Ningekubali. Ningekunywa na chai yake. Lakini mtu yule, aliyenieleza Girmay hatua kwa hatua, hakuinua hata macho kwenye simu yake. Nikamwambia mnyororo unaruka. Akasema, "Mama, cheni ikiruka ni ukanyagaji. Unakanyaga kwa nguvu bila mpangilio." Nikamwambia kaseti ni ile ile, ina rangi ya kucha ya mwanangu. Akacheka, akamgeukia mteja mwingine, mwanamume, akamwambia, "Unaona? Rangi ya kucha." Wakacheka wote wawili. Kisha akaniuliza, na haya maneno nayakumbuka neno kwa neno: "Kwani mama, wewe unashindana na nani?"

Nashindana na nani. Mtu anayebandika Girmay ukutani ananiuliza hivyo. Miaka mingi nimefundisha watoto wa watu, nimesikia kila aina ya jeuri, lakini swali hilo lilinikata miguu. Nashindana na mlima. Nashindana na mwenyewe wa mwaka jana. Nashindana na fuso lililokuwa nyuma yangu, ambalo ningekuwa chini yake kwa sababu mtu aliona kaseti ya mwanamke wa makamo haina haja ya kuwa mpya.

Nilikataa kuondoka. Nikaiweka risiti mezani, nikasimama. Wateja wakaanza kutazama. Mwishowe akachomoa elfu hamsini, akairusha juu ya kioo cha kaunta kama anampa mtoto hela ya pipi. Niliichukua. Ni yangu. Iliyobaki atanidaia Mungu.

Hapa ndipo ningeishia na kuwaambia msikanyage pale. Na nilipoanza kuandika nilikusudia hivyo. Lakini kuna yule kijana.

Nilipokuwa naisukuma baiskeli kutoka, alinifuata mpaka kona ya jengo, akatazama nyuma, akasema, "Shikamoo mwalimu. Naomba unisamehe." Nikamuuliza nini kilitokea. Akasema kaseti ya kipimo changu haikuwepo dukani siku ile, na bosi hakutaka kurudisha hela. Aliambiwa aioshe kwa mafuta ya taa, aipige brashi, airudishe. Akaambiwa, huyu mama hatajua. "Mimi nilijua utajua," akasema, "kwa sababu ulivyoniambia kuhusu gurudumu, uliongea kama mtu anayejua." Alikuwa ameshika kitambaa cha grisi, anakikunja na kukikunjua. Sikuwa na la kumwambia. Nilimwitikia marahaba, nikaondoka.

Na kweli, gurudumu. Lazima niwe mkweli hata nikiwa na hasira. Gurudumu lile alilinyoosha yeye, na sijawahi kupata kazi kama ile. Limepita kwenye rasta na matuta ya kwetu wiki baada ya wiki, limepita kwenye mawe ya njia ya Kibosho, na mpaka leo ukilizungusha kati ya breki haliguswi upande wowote. Ukikwangua njiti kwa ukucha zinalia sauti moja, pembeni hadi pembeni. Kwa hiyo nikiulizwa ufundi wa duka lile, nasema ufundi ni mzuri sana. Pengine mzuri kuliko wowote niliouona mikoa yetu hii miwili. Nendeni kwa ajili ya magurudumu.

Hapana. Msiende. Nimekumbuka alivyocheka.

Au mkienda, simameni pale pale mpaka kazi iishe, na kabla hamjatoa hela mwombeni kile kipuri cha zamani mkononi. Kaseti yako kuukuu ni mali yako, hata kama ni ya kutupa. Wakikosa kukupa, ujue iko wapi. Halafu usiende na baiskeli kwenye mbio kabla hujaipandisha mlima wa kweli. Kuizungusha uani haitoshi, tambarare haitoshi. Tafuta kilima, kaza mpaka mishipa itoke, sikiliza.

Yangu imepona sasa. Fundi wa Majengo aliniagizia kaseti kupitia mtu anayevuka Namanga, ikachukua muda, ikafika, akaifunga mbele ya macho yangu. Jumapili moja nilipanda nayo Kibosho kabla ya misa, nikasimama kwenye pedeli pale panapobana kuliko pote. Sikusikia kitu isipokuwa pumzi yangu na maji ya mfereji.

Ile kuukuu nimeitundika kwenye msumari jikoni, na risiti yao nimeibana hapo hapo. Jina la duka sitalitaja kwa sababu bosi anajua ni mtu mmoja tu angeweza kuniambia yale, na mtu huyo bado anakula kwa kazi hiyo. Kijana, kama haya yatakufikia: siku utakayofungua banda lako, hata likiwa chini ya mti pale Kikatiti, nitakuja. Gurudumu la mbele limeanza kuyumba, na sijamruhusu mtu mwingine aliguse.