Kalamaini losheni kwa tetekuwanga: nimemaliza chupa mbili, nawapa ukweli

Nyota nne. Ingekuwa tano ila kifuniko chake ni cha hovyo, imenivujia kwenye mkoba mpaka kitambulisho kikawa cha pinki.

Ilikuwa hivi, mwanangu wa miaka mitano Ijumaa alikuwa na kahoma tu na hataki kula, Jumamosi namuogesha naona vipele vitatu tumboni nikasema ah mbu hawa. Jioni vishafika mgongoni na usoni, kesho yake asubuhi vingine vimekuwa malengelenge yana maji utadhani karukiwa na mafuta ya chapati. Mama mkwe kwenye simu hata hakuangalia picha, "hiyo tetekuwanga, chemsha mwarobaini". Mi roho ilikuwa juu maana habari za Mpox tumezisikia sana tangu 2024, nikambeba mpaka kituo cha afya. Daktari akamvua shati akanionesha, ona hapa kuna vyekundu vipya, hapa malengelenge, hapa vimeanza kukauka, vyote sehemu moja na vimejaa kifuani na mgongoni. Mpox mara nyingi vipele vya sehemu moja vinakuwa hatua moja, vinapenda hadi viganja na nyayo, na mitoki inavimba. Nikapumua.

Sasa losheni yenyewe. Nimenunua elfu nne duka la dawa. Dawa inakaa chini maji juu kwahiyo usipotikisa unapaka maji matupu, mi siku ya kwanza nilifanya hivyo nikaanza kuilaumu bure. Chukua pamba, gusagusa, usisugue, na usipeleke karibu na macho wala mdomoni. Ikikauka inapoza, mtoto wangu alikuwa anatulia kama saa moja na nusu hivi halafu anaanza tena mama nikune. Ila haitibu jamani, inatuliza muwasho tu, virusi vinamaliza safari yao vyenyewe. Na inaacha ungaunga kwenye shuka, tandika ya zamani.

Kilichosaidia kuliko hata losheni ni kumkata kucha fupi kabisa, maana akikwangua ndo usaha na makovu. Mwarobaini nao nilimuogeshea, maji ya vuguvugu, ili amani iwepo nyumbani, na mi naona kilichompa nafuu ni hayo maji yenyewe. Wale wanaosema mtoto wa tetekuwanga asioge wiki nzima, kwa joto hili la Dar kweli?

Lalamiko langu ni kwa yule muuzaji (duka silitaji), nimesema mtoto ana homa akataka kuniongezea aspirini! Mtoto mwenye tetekuwanga hapewi aspirini, inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Brufen pia daktari alinikataza, akaniandikia parasetamo ya maji kwa kipimo cha uzito wake, basi. Antibayotiki hakutoa, akasema labda vipele vipate usaha, na nimrudishe mbio nikiona anahema kwa shida, amelegea hataki kuamka au homa haishuki.

Chekechea walikuwa wananipigia siku ya tatu eti anarudi lini, nikawaambia mpaka vyote vikauke viwe vigaga, kwetu ilichukua siku nane. Jirani yangu ana mimba ya miezi mitano na hajawahi kuugua, nikamzuia hata kugonga mlango, kakasirika kidogo lakini kwa mjamzito hii kitu sio ya utani. Na kwenye chanjo zetu za kawaida za kliniki haimo, msije mkadhani ile ya surua inakinga na hii.

Nikajua tumemaliza, nikaiweka chupa juu ya kabati ikiwa nusu. Siku ya kumi na tano mdogo wake kaamka na vipele nyuma ya sikio, na huyu ndo vilimjaa hadi kwenye ulimi, ile nusu haikufika hata siku mbili nikarudi kununua nyingine. Safari hii nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni.