Kadi ya mtandao ya 3Com 3C509B: ndiyo ya 486 yako, ila zima PnP kwanza

Mwenye kompyuta ya 486 au Pentium ya mwanzo yenye sloti za ISA (za kadi za zamani), anayetaka kuiunga na rauta ya nyumbani, aitafute 3C509B kabla ya kadi nyingine yoyote. Kopi za NE2000, kadi nyingine ya mtandao ya zamani, nazo zinafanya kazi, lakini kila mtengenezaji alikuja na programu yake ya mipangilio, na mara nyingi kadi inabaki mezani huku diski yake imeshapotea. Kadi zote za 3C509B hupangwa kwa programu moja, 3C5X9CFG.EXE, na haina jampa za kubahatisha. Tena haichukui hata kipande cha kumbukumbu ya juu kwa ajili ya kupitishia data, kwa hiyo michezo na programu za DOS zinabaki na nafasi yake.

Kwenye kununua, angalia tundu za nyuma. TPO ina tundu la RJ45 peke yake. Combo ina RJ45, BNC ya kebo nyembamba ya duara, na AUI yenye pini 15. Kwa nyumba ya hapa Arusha TPO inatosha kabisa, usiongezewe bei kwa sababu ya tundu ambazo hutazitumia. Na anayefikiria kuunga Combo mbili kwa BNC akitumia kebo ya runinga aache: ile ni ya ohmu 75, wakati mtandao huu unataka RG-58 ya ohmu 50 yenye kizibo cha ohmu 50 kila mwisho. Kwa RJ45 waya wowote wa Cat5e kutoka maduka ya Sokoine Road unafaa, maana kadi inatumia pini 1, 2, 3 na 6 tu. Ukiunga kompyuta mbili za zamani moja kwa moja bila swichi, ndipo mwambie fundi abane waya wa kukingamisha, 1 iende 3 na 2 iende 6.

Kadi iliyokaa stoo haiingizwi kwenye sloti hivihivi. Vumbi letu la kiangazi hujaa kwenye meno ya dhahabu, na masika yakifika linageuka utando. Futa kwa kitambaa na spiriti ya duka la dawa, acha ikauke. Ukiwa umefungua kasha, tazama mambo mawili zaidi. Kwanza swichi ya volti nyuma ya pawa saplai: mashine nyingi za msaada zilitoka Marekani zikiwa zimewekwa 115, na umeme wetu ni 230. Pili, pipa dogo la betri ya 3.6V kwenye bodi, karibu na tundu la kibodi. Likiwa na ukungu wa kijani au mweupe, ling'olewe leo. Majimaji yake ni ya alkali na yanakula njia za shaba. Sugua kwa siki kidogo, suuza kwa maji safi, malizia na spiriti.

Sasa mipangilio, na hapa ndipo wengi wanaikatia kadi tamaa bila kosa lake. Washa kompyuta na DOS tupu, bila EMM386 (kisimamia kumbukumbu cha DOS) wala draiva ya mtandao, kisha fungua 3C5X9CFG. Zima Plug and Play (PnP), yaani kadi kupangiwa namba na kompyuta yenyewe. Ikiachwa wazi kwenye Pentium, bayosi (programu inayoiamsha kompyuta) inaweza kuipa kadi namba tofauti na ulizoandika, na draiva itazunguka ikitafuta kadi isiione. Weka anwani 300h na IRQ 10 (namba ambayo kadi huitia prosesa), ambazo hazigongani na Sound Blaster ya kawaida (220h, IRQ 5 au 7). Mwenye bayosi inayojua PnP aiambie pia kwamba IRQ 10 ni ya kadi ya ISA ya zamani. Kwenye Combo chagua RJ45 waziwazi. Kuna kipengele kinachouliza kasi ya modemu. Chagua kwamba hakuna modemu, la sivyo draiva inajibana ili kuiachia modemu nafasi na kasi ya mtandao inashuka. Cha mwisho: usiwashe fulu-dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kadi hii haijui kupatana na swichi, kwa hiyo swichi huchukulia kwamba mnatuma kwa zamu. Kadi ikituma bila kungoja zamu, ping itapita vizuri, lakini faili kubwa litakwama katikati. Ukimaliza, zima kabisa na uwashe upya.

Kitu kinachoifanya kadi hii iwe ya thamani zaidi ni soketi yake ya pini 28. Ilitengenezwa kwa ajili ya kuwasha kompyuta kupitia mtandao, lakini inabeba vizuri chipu ya 27C64 yenye XTIDE Universal BIOS, programu inayoiwezesha kompyuta ya zamani kusoma diski kubwa. Bayosi nyingi za 486 hazivuki MB 504 za diski, na kadi za CF (CompactFlash, zinazotumika badala ya diski) za siku hizi ni kubwa kuliko hapo. Andaa faili la KB 8 kwa XTIDECFG ili liweke jumla ya uhakiki (ikikosekana, bayosi hulipita tu), lichome kwenye chipu kwa kifaa cha kuandikia chipu kama TL866, ingiza chipu huku alama yake ya mwezi ikiangalia alama ya soketi. Rudi 3C5X9CFG, washa ROM ya KB 8 kwenye D0000, kisha kwenye bayosi iseme diski hakuna. Mstari wa EMM386 uongezewe X=D000-D1FF. CF yenyewe inakaa kwenye adapta ya IDE. Gawa sehemu zisizozidi GB 2 kwa DOS 6.22, na isipowaka, FDISK /MBR ndiyo dawa ya kwanza kujaribu.

Programu za mtandao za DOS ni mTCP. Pakia draiva ya kadi, 3C5X9PD 0x60, andika PACKETINT 0x60 kwenye faili la MTCP.CFG, elekeza MTCPCFG kwenye faili hilo, kisha endesha DHCP. FTP inahamisha mafaili, na SNTP inaweka saa ukishaandika SET TZ=EAT-3 (EAT ni saa za Afrika Mashariki). Alama ya kutoa ni sahihi. Ukiweka ya kujumlisha, saa itarudi nyuma saa sita. Kabla ya kuvuta ZIP au EXE kwa FTP andika binary.

Kasi ya waya ni megabiti 10, lakini 486 kupitia ISA haifikii hapo. Tegemea mamia ya KB kwa sekunde, na bado floppy nzima inapita kwa sekunde chache. Kurasa za leo hazitafunguka kwenye vivinjari vya zamani kwa sababu ya usimbaji fiche mpya, na hilo kadi haiwezi kulitibu. Weka proksi (programu ya kupitishia kurasa) kama WebOne kwenye kompyuta ya kisasa ya nyumbani.

UPS inunuliwe mapema. FAT16, mpangilio wa mafaili wa DOS, haina kumbukumbu ya kujirekebisha, na umeme ukikatika faili likiwa linaandikwa, endesha SCANDISK kabla ya kuhamisha kitu kingine chochote.