Kitini cha "Marekani kabla ya rais" cha steshenari ya njia ya stesheni Tabora: chukua, ila kagua kurasa kwanza

Wadau wa Tabora habari zenu. Kuna steshenari moja ile barabara ya kwenda stesheni ya treni, jina silitaji maana nina ya kuwasema pia, wanauza vitini vya historia vya kubaindi na kava la plastiki mbele. Pale kuna kimoja kinaelezea serikali ya Marekani ilivyoanza, kurasa kama 80, Kiswahili kitupu, kimetungwa na mwalimu mstaafu wa hapahapa mjini, bei 6,000. Watu wanakiulizia kwenye magrupu na majibu ni "kizuri kaka, chukua" basi, sasa kizuri kivipi? Nimekisoma chote, naandika nilivyokiona.

Kwanza hakikimbilii katiba, na kwangu hapo ndo pesa yangu imeenda. Vitini vingi vya mtaani vinaanza na chai ya Waingereza iliyomwagwa baharini Boston 1773, vinaruka uhuru 1776, ukifungua ukurasa unaofuata Washington ameshakuwa rais, 1789 hiyo. Miaka 13 imemezwa kimyakimya na wala huambiwi nchi ilikuwa inaendeshwa na nani muda wote huo. Mwalimu yeye karibu nusu ya kitini kaiweka hapo, anarudi hata nyuma zaidi mpaka Albany 1754 ambako Benjamin Franklin alipeleka mpango wa koloni kuwa na baraza moja la pamoja, koloni zikaukataa kwa kuona zinanyang'anywa madaraka, na London nayo haikuutaka. Yaani miaka 20 kabla ya Kongresi ya kwanza, yaani kikao cha wajumbe wa koloni, kukaa Philadelphia Septemba 1774 (koloni 12, Georgia haikutuma mtu) ule ubishi wa nani awe na nguvu ulikuwa umeshaanza.

Halafu anaingia kwenye Mkataba wa Shirikisho, ule uliounganisha majimbo kabla ya katiba ya sasa, na hapo mzee kaandika kwa raha zake. Tarehe 7 Juni 1776 Richard Henry Lee wa Virginia anasimama na hoja yenye mambo matatu kwa mpigo, tujitenge na Uingereza, tutafute marafiki nje, tuandike mpango wa kutuunganisha. Rasimu akapewa John Dickinson, na huyu Dickinson ni mtu wa ajabu kidogo maana Azimio la Uhuru lenyewe hakulisaini, aliona bado mapema. Rasimu yake iliipa Kongresi nguvu za kutosha tu, wenzie wakaikatakata mpaka ikabaki kila jimbo lina mamlaka yake kamili na kura yake moja, Virginia kubwa kura moja na Delaware kadogo kura moja. Wameipitisha 15 Novemba 1777 wakiwa mji wa York, sababu Philadelphia ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Na haijaanza kazi mpaka 1 Machi 1781! Maryland iligoma, inasema hao wenye madai ya ardhi kubwa huko magharibi, Virginia hasa, waiachie kwanza iwe mali ya wote ndo sisi tusaini. Mimi sijawahi kuona kitini kingine kinakuambia hilo la ardhi.

Udhaifu wa ule mkataba ameuelezea kwa mfano wa kamati ya harusi, na kwa kweli mfano umeshika. Kongresi iliruhusiwa kutangaza vita, kukopa, kusaini mikataba na nchi za nje, ila kodi hairuhusiwi kumtoza mtu hata senti, inaandikia majimbo barua kuomba, na wewe unajua mwenyewe ahadi za harusi zinavyolipwa, daftari limejaa majina na mweka hazina hana hela ya kulipia ukumbi. Wakajaribu 1781 kuweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje, kubadili mkataba kunataka majimbo yote 13 yakubali, kajimbo kamoja tu Rhode Island kakasema hapana, hoja ikafa. Wakaileta tena 1783, safari hii New York ndo ikaja kuikwamisha. Juni mwaka huohuo wanajeshi wasiolipwa wakaizingira Kongresi palepale Philadelphia, waheshimiwa wakakimbilia Princeton. Nchi imeshinda vita halafu bunge lake linakimbia askari wake wenyewe, aisee nilicheka peke yangu kwenye daladala ya Ipuli mtu wa pembeni akaniangalia.

Hata mkataba wa amani na Uingereza wa 3 Septemba 1783 nusura uwatie aibu. Ulitakiwa uidhinishwe na majimbo 9 na wajumbe walikuwa hawaonekani, wamekuja kupatikana kwa mbinde Annapolis 14 Januari 1784.

Sasa lawama. Mwalimu anasema rais wa kwanza wa Marekani ni John Hanson na kaweka kwa herufi nene kabisa. Shikamoo mwalimu lakini hapana. Hanson alikuwa rais wa Kongresi kuanzia Novemba 1781, kazi yake kuongoza vikao na kusaini barua, muda wake mwaka mmoja, hana mawaziri hana jeshi, ule mkataba haukuwa na mkuu wa serikali kabisa. Kwanza hata siku mkataba unaanza kutumika kwenye kile kiti alikuwa Samuel Huntington, Hanson kaja baadaye. Mwanafunzi akienda na hilo kwenye mtihani atapoteza maksi za bure.

Ramani nayo ni ya Marekani ya leo yenye majimbo 50, mtu atajuaje Virginia ilidai ardhi mpaka wapi? Na Daniel Shays, kiongozi wa wakulima walioasi Massachusetts, kapewa nusu ukurasa wakati wasifu wa Washington umekula kurasa nne. Hii sikuielewa kabisa, maana wale wakulima wa Massachusetts waliofunga mahakama 1786 wasinyang'anywe mashamba kwa madeni, wengi wao walipigana vita ya uhuru, Januari 1787 wakaenda mpaka ghala la silaha Springfield, na Kongresi haikuwa na jeshi la kupeleka, ikabidi matajiri wa Boston wachange hela jimbo likodi askari. Hofu hiyo iliwasukuma wengi kwenda kwenye mkutano wa katiba Philadelphia Mei 1787, ukiipunguza hapo msomaji anaona katiba imeshuka tu kama mvua.

Sehemu ya Philadelphia yenyewe iko sawa, kwamba walitumwa kurekebisha mkataba wakafunga milango wakaandika kitu kipya, wajumbe 55 waliohudhuria, 39 wakasaini, Rhode Island haikwenda. Suala la watumwa watano kuhesabiwa kama watu watatu kwenye kugawa viti vya bunge hajalifichaficha, nampongeza. Kasema pia kwamba Kongresi ya zamani ikiwa New York ilipitisha 13 Julai 1787 sheria ya kuzuia utumwa kaskazini ya mto Ohio, ila mtumwa akitorokea huko anarudishwa kwa bwana wake.

Kuna ukurasa kalinganisha Philadelphia na mkutano wa TANU wa Tabora Januari 1958, ule wa kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Najua kwetu hapa lazima litajwe, ila naona kalivuta. Tabora walibishana waingie kwenye uchaguzi wenye masharti mabaya au wasuse, Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie. Angelinganisha na Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar za 1964 na yale mambo 11 ya Muungano, pale ndo kuna swali lilelile la nani abaki na nini.

Huduma: dada wa kaunta mchangamfu, hana makuu. Ila cha kwangu katikati kilikuwa na karatasi mbili za baiolojia, mmeng'enyo wa chakula, yaani Maryland inagoma halafu ghafla utumbo mwembamba. Walinibadilishia bila maneno, nikasubiri umeme urudi wachape. Wino nao kurasa za mwisho umefifia, wazee wenye macho kama yangu mtahitaji taa. Kwa 6,000 wangeweka kopi safi.

Nampa 4 kati ya 5, hiyo moja imeondoka na Hanson na ramani. Kwa anayesoma historia kidato cha tano na sita au mtu mzima anayependa tu mambo ya katiba, chukua. Nenda asubuhi, kuanzia saa nane mchana wanafunzi wanajaa na fotokopi zao na hamna wa kukusikiliza, na kifungue palepale kaunta upekue kurasa zote kabla hujalipa. Dada anasema mzee anaandaa toleo jingine, kama kuna mtu anamfahamu amfikishie hiyo ya Hanson kabla hawajaanza kuchapa.